Panya buku kaandikiwa LC, nondo kaandikiwa NE: je nondo yuko salama zaidi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tabata, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Mwanangu yuko fomu foo, wamepewa kazi ya kulinganisha nondo na panya buku kwenye mambo matatu, uainishaji, makazi na hali ya uhifadhi. Kwenye jedwali la mwalimu panya buku ana LC, nondo ana NE. Mtoto kaandika kwamba nondo yuko salama kuliko panya kwa sababu hajawekewa hatari yoyote, mimi nikamwambia nondo ni wadudu wa kutoboa nguo, wahifadhiwe wa nini. Tumebishana mpaka saa nne usiku. Nani yuko sahihi?"

Marahaba dada yangu. Swali lako nimelisoma asubuhi kwenye daladala nikalirudia tena jioni nikiwa nimetulia, maana umeuliza kitu ambacho watu wengi hawaulizi, wanaziona hizo herufi mbili wanapita zao. Niseme moja kwa moja kabla sijaanza kuzunguka: mwanao kakosea hapo kwenye "salama", wewe umekosea hapo kwenye "kutoboa nguo", mwalimu yuko sahihi. Herufi hizo ni alama za hali ya uhifadhi: LC ni Least Concern, yani kapimwa na kwa sasa hayuko hatarini, NE ni Not Evaluated, yani hajapimwa. NE haimaanishi mnyama hana hatari. Inamaanisha hakuna mtu aliyekaa akampima akajua yuko kwenye hali gani. Ni kama mtu hajawahi hata siku moja kwenda kupima presha, alafu wewe unasema presha yake iko poa kwa sababu hana cheti kinachosema imepanda.

Sasa twende taratibu, maana hayo mambo matatu aliyoyauliza mwalimu yameshikana, ukiruka la kwanza la tatu halieleweki.

Kitu cha kwanza mtoto akijue, hilo jedwali linalinganisha vitu ambavyo havilingani saizi. Panya buku wa kwetu ni spishi moja. Nondo siyo spishi moja, siyo hata familia moja. Nondo ni jina tunalowapa karibu wote waliomo kwenye oda inayoitwa Lepidoptera ukishawatoa vipepeo, na hiyo oda ina spishi kama 160,000 ambazo zimeshapewa majina, na humo vipepeo hawafiki hata 20,000, waliobaki wote ni nondo. Tena vipepeo wenyewe kiukoo ni tawi moja tu lililochipua katikati ya nondo, siyo kundi la pembeni kama tulivyozoea kufundishwa zamani kwamba huyu wa mchana huyu wa usiku basi. Kwahiyo kulinganisha "nondo" na panya buku ni sawa na uende Feri ukaulize tofauti ya samaki na changu. (Na akitafuta kwenye simu aandike "nondo mdudu", akiandika nondo peke yake ataletewa bei za nondo za kujengea.)

Ushauri wangu achague nondo mmoja na amwandike kwa jina. Mimi nimemchagulia ambaye nina uhakika wewe umeshakutana naye jikoni. Unajua kile kiwavi kikubwa, kinene kama kidole, wengine kijani wengine kahawia, kina pembe moja kwa nyuma, unakikuta kwenye matembele wakati wa kuchambua mboga unaruka nyuma? Huyo ni mtoto wa nondo. Akikua anakuwa nondo mkubwa wa kijivu, mabawa yakifunguka yanafika sentimita 10 na zaidi, tumboni pembeni ana michirizi ya pinki na myeusi, na anaruka kwa kasi mpaka watu wanadhani ni kandege. Jina lake la kisayansi ni Agrius convolvuli. Hilo jina la pili linatokana na mimea jamii ya viazi vitamu, na aliyempa ni Linnaeus mwenyewe, mwaka 1758.

Hapohapo nimalize ya nguo. Nondo wa kuharibu nguo wapo, ni wachache sana kwenye familia moja inaitwa Tineidae, na hata hao anayekula ni kiwavi, siyo yule anayeruka ukamfukuza na kanga. Kwenye nyumba zetu za Dar familia hiyo unaiona kila siku bila kuijua: kile kitu cha kijivu, bapa, kama mbegu ya boga, kimeganda ukutani bafuni au nyuma ya kabati, ukikitazama kwa muda kinatoa kichwa kinaanza kutembea na nyumba yake. Watu wanafagia wakidhani vumbi limegandana. Ni kiwavi cha nondo, kifuko hicho kakisuka kwa hariri akachanganya na vumbi na mchanga, mlango uko huku na huku kwahiyo akitaka kugeuka hasumbuki, na chakula chake ni utando wa buibui, nywele zilizodondoka, nyuzi za sufu. Nguo zako za pamba na poliesta zilizo safi hazimuhusu kivile.

Haya, uainishaji. Panya buku na nondo wa matembele wako himaya moja, Animalia, wote wanyama, na hapo ndo undugu unapoishia. Kwenye faila tu wameshaachana, panya ni Chordata, mwenye uti wa mgongo, nondo ni Arthropoda, mwenye miguu ya kuungaungwa na mifupa yake kaivaa kwa nje. Mzee wao wa mwisho waliyechangia aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kuanzia hapo nondo anashuka hivi: ngeli Insecta, oda Lepidoptera, familia Sphingidae, jenasi Agrius, spishi Agrius convolvuli. Panya buku: ngeli Mammalia, oda Rodentia, familia Nesomyidae, jenasi Cricetomys, spishi Cricetomys ansorgei. Kama kitabu cha mtoto ni cha zamani atakuta kimeandika Cricetomys gambianus, asishangae, zamani wote waliwekwa kapu moja kwa jina la yule wa Gambia, baadae ikaonekana wa kusini na mashariki ni wengine.

Majina ya oda yakariri kwa maana, ukijua maana husahau. Lepidoptera ni kigiriki, magamba na bawa, na ndo ule unga unaobaki vidoleni ukimshika nondo, siyo unga, ni magamba madogomadogo yaliyopangwa kama vigae. Rodentia inatokana na neno la kilatini la kuguguna. Oda nzima inatambulika kwa meno ya mbele, mawili juu mawili chini, hayaachi kukua mpaka mnyama anakufa, na kwa vile upande wa mbele ni mgumu na wa nyuma ni laini, kila akiguguna yanajinoa yenyewe kama patasi. Humo ndani kuna nungunungu, ndezi, kindi, fuko na panya wote, jumla spishi zaidi ya 2,000, karibu asilimia 40 ya wanyama wote wanaonyonyesha. Sungura hayumo. Pimbi hayumo. Na yule sengi mwenye pua ndefu anayekimbia kwenye majani makavu pale msitu wa Pugu, watu wanamwita panya, hayumo pia, kiukoo yuko karibu na tembo kuliko na panya, hilo lilinishangaza sana nilipolijua na mpaka leo nikimuona namtazama kwa jicho lingine.

Kitu kingine ambacho ningependa mwanao akiandike, maana mwalimu atajua huyu kasoma: panya buku siyo yule panya wa darini aliyekua mkubwa. Panya wa darini na panya wa mtaroni ni familia ya Muridae, asili yao Asia, wamesambaa dunia nzima wakiwa wageni wa kwenye meli. Panya buku ni mwenyeji. Familia yake, Nesomyidae, iko Afrika na Madagaska tu, hakuna kwingine walikozaliwa. Utamjua kwa mkia, nusu ya kuanzia mwilini ni ya giza na nusu ya mwisho ni nyeupe, na kwa uzito, mkubwa anapita kilo moja, ukimpima toka pua mpaka ncha ya mkia anakaribia urefu wa mguu wa mtu mzima. Mashavuni ana mifuko, anajaza karanga, mahindi, hata vitu visivyolika, anapeleka shimoni.

Na ni huyuhuyu ambaye pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likimfundisha toka mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadae kifua kikuu. Macho yake ni dhaifu ila pua yake ni ya ajabu. Sampuli za makohozi 100 anazipitia kwa dakika kama 20, kazi ambayo mtu wa maabara na hadubini yake ingemchukua siku kadhaa. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa Tanzania akapelekwa Kambodia, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya ushujaa na shirika la PDSA la Uingereza, panya wa kwanza kuipata, na akafa akiwa mstaafu Januari 2022. Hayo hayapo kwenye swali la mwalimu, nimeyaweka kwa sababu mtaani kwetu buku anamwagiwa maji ya moto kila siku na watu hawajui wanamwagia nani.

Makazi sasa. Ya panya buku ni rahisi kueleza. Anaishi kwenye shimo, analipenda lenye kivuli na ubaridi maana joto kali linamtesa, kiasili ni msituni, vichakani, pembezoni mwa mashamba, kwenye vichuguu vilivyoachwa. Anatoka usiku. Mjini kapata mbadala wa vyote hivyo, mitaro yenye mifuniko, misingi ya nyumba, makaro yaliyopasuka, maghala ya nafaka, na chakula ndo hicho tunachokimwaga. Kwahiyo mji haujamfukuza, umemkaribisha.

Nondo makazi yake siyo sehemu moja na hapa ndo wanafunzi wengi wanapoteza maksi, wanaandika "anaishi kwenye taa". Hakai kwenye taa. Anakuja kwenye taa kwa sababu taa imemvuruga. Utafiti uliotoka mwaka 2024 ulionyesha wadudu wa usiku wanageuzia mgongo upande wenye mwanga, maana kwa mamilioni ya miaka upande wenye mwanga usiku ulikuwa ni juu, angani, ukiwasha taa pembeni yake anajikuta anainama kuizunguka na hawezi kutoka. Makazi yake ya kweli ni manne na yanafuatana. Yai liko kwenye jani. Kiwavi yuko kwenye mmea anaoula, kwa huyu wetu ni matembele na ndugu zake wanaotambaa uwanjani. Akishiba anashuka, anajichimbia kwenye udongo na kuwa pupa humohumo, na pupa yake ni nzuri kuangalia, ya kahawia inang'aa na ina mkono uliojikunja mbele kama mkono wa birika, huo ndo ala ya mrija wake wa kunyonyea. Alafu anatoka anakuwa wa angani, usiku, anatetemesha mabawa kwanza apashe misuli moto ndo aruke, na anatafuta maua meupe yenye harufu kali yanayofunguka jioni. Mrija wake ukinyooshwa ni mrefu kuliko mwili wake.

Ukikata kimoja kati ya hivyo vinne umemkata yeye. Unaweza kuwa na matembele yamejaa bonde zima la Msimbazi ila ukapiga dawa kila wiki. Unaweza usipige dawa ila uani kwako ukamwaga zege lote na pevingi, pupa hana pa kuingia. Udongo ukawepo lakini taa za geti zinawaka mpaka asubuhi, akawa anazunguka taa mpaka anachoka badala ya kwenda kwenye ua. Ndo maana nasema makazi ya nondo yanapotea bila mtu kuona kitu kimepotea. Msitu ukikatwa unaona visiki. Hii huoni kisiki.

Sasa utaniuliza akipotea mimi inanihusu nini, na hapa naomba dada utoke nje uangalie kama una mpapai. Mipapai mingi iko ya kiume na ya kike, ule wa kiume unatoa maua marefu yananing'inia na hauzai, wa kike ndo unazaa, chavua lazima itoke kwa huyu iende kwa yule. Maua yake ni meupe au ya krimu, yana harufu zaidi kuanzia jioni. Nani anabeba? Watafiti walikaa usiku kwenye mashamba ya mipapai kule Kenya wakakuta wabebaji wakubwa ni nondo wa hiyo familia ya Sphingidae, na mashamba yaliyokuwa mbali na uoto wa asili yalipata wageni wachache kuliko yaliyokuwa karibu. Yani papai unalonunua Buguruni kuna nondo kalifanyia kazi usiku wewe umelala. Tunamuita mdudu wa kutoboa nguo.

Basi tuje kwenye kilichowagombanisha. Hizo herufi zinatoka kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilianzishwa mwaka 1964, na ina madaraja tisa. Kuna waliotoweka kabisa, waliotoweka porini wakabaki wa kufugwa tu, alafu ngazi tatu za hatari kuanzia kubwa kabisa kushuka, CR, EN na VU, alafu wanaokaribia hatari, NT, alafu LC ambao kwa sasa hawako hatarini. Pembeni kuna mawili ambayo siyo ngazi, DD na NE. DD ni aliyepimwa, wataalamu wakakaa, wakasema taarifa hazitoshi kutoa jibu. NE hata hicho kikao hakijafanyika. Mtoto alichofanya ni kuiweka NE juu ya LC kwenye ngazi, wakati haipo kwenye ngazi kabisa.

LC ya panya buku nayo isomwe vizuri. Kupimwa siyo kuangalia kama wanaonekana wengi, kuna vigezo vya namba. Mfano spishi ikipungua kuanzia asilimia 30 ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, unachukua muda ulio mrefu kati ya hiyo miwili, inaingia VU, ikifika 50 ni EN, ikifika 80 ni CR. Kuna vya ukubwa wa eneo na vya idadi pia. Panya buku kwa vile kasambaa nchi nyingi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika, anastahimili mashamba na miji, havuki hata kizingiti cha kwanza, hivyo LC ni haki yake. Ila LC hiyo ni ya spishi nzima, nchi zote zikijumlishwa. Haisemi lolote kuhusu buku wa msitu wa Pugu, kama wanapungua au wanaongezeka, na mtu asiichukue akaitumia kuhalalisha kukata msitu.

Upande wa nondo, hebu nikueleze ilivyo kazini ndo utaelewa kwanini NE imejaa. Kuna usiku mmoja wa masika tulikuwa Pugu, tumepanga mitego ya visanduku chini kwa ajili ya panya, chambo karanga za kusaga na unga, na juu kwenye kauwazi tumetundika shuka jeupe na taa yake kwa ajili ya nondo. Asubuhi kwenye visanduku tulikuwa na panya watano. Kabla chai haijachemka wote watano nilishawaandika majina, uzito, jinsia, nikawaachia. Kwenye shuka walikuwa mamia. Wengine wadogo kama punje ya mchele, wawili unawaona mapacha kabisa kumbe ni spishi mbili, kuwatofautisha mpaka ufungue sehemu zao za uzazi chini ya hadubini au upeleke vinasaba maabara. Kuna waliomo humo kwenye boksi langu mpaka leo hawana jina, na sijui kiwavi wake anakula nini, na kama hujui anakula nini huwezi kujua akikatiwa nini atakufa. Wengine ukiwatafuta kumbukumbu zao unakuta ni mmoja tu aliyewahi kukusanywa enzi za Wajerumani, kachomekwa sindano yuko Berlin. Huyo utampimaje kapungua asilimia ngapi ndani ya miaka 10?

Ndo hivo. Wanyama wanaonyonyesha karibu wote duniani wameshapimwa, kwa sababu ni elfu sita na kitu tu na watu wanawapenda. Wadudu wenye majina wamepita milioni moja, waliopimwa ni kama asilimia moja hivi. Hiyo NE ya nondo haielezi chochote kuhusu nondo, inaeleza kuhusu sisi.

Na kinachonisumbua zaidi ni kwamba herufi hizohizo wanazichangia nondo wenye hali tofauti kabisa. Huyu wa matembele kwa maoni yangu hana shida kubwa, yuko Afrika, yuko Asia, anasafiri mpaka Ulaya, chakula chake tunakipanda wenyewe. Lakini NE hiyohiyo anayo pia nondo mdogo anayekula mti mmoja tu, na mti huo uko kwenye misitu michache ya pwani iliyobaki vipande kama Pugu na Kazimzumbwi, na kipande hicho kinachomwa mkaa. Ukisoma jedwali hawana tofauti. Mmoja anaweza kupotea wiki ijayo na herufi zake zisibadilike, maana asiyepimwa hatangazwi msiba.

Kama mwanao anataka mfano wa kuonyesha kwamba nondo na panya wote wanaweza kuisha, ipo miwili mizuri. Fiji kulikuwa na nondo anaitwa Levuana iridescens, wa rangi ya samawati inayometa, kiwavi wake alikuwa anateketeza minazi kwenye kisiwa cha Viti Levu. Mwaka 1925 wakaleta nzi kutoka Malaya ambaye watoto wake wanakua ndani ya viwavi, miaka michache mbele nondo akawa haonekani tena, na kwenye Orodha Nyekundu ameandikwa katoweka. Alikuwa adui wa minazi kweli, sisi watu wa pwani tunaelewa maumivu ya mnazi, ila alikuwa anajulikana kule tu na sasa hayupo popote. Kwa upande wa panya yuko Melomys rubicola wa Australia, alikuwa anaishi kwenye kisiwa kimoja kidogo cha mchanga kiitwacho Bramble Cay, hekta chache tu, maji ya bahari yakawa yanapanda yanafunika majani anayokula, mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 2009, na serikali ya Australia ikamtangaza katoweka mwaka 2019. Anahesabika mnyama wa kwanza anayenyonyesha kutoweka kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Tofauti yao hao wawili ni kwamba walikuwa wanajulikana, kuna watu waliwatafuta wakawakosa. Wa kwetu wa kwenye boksi hakuna atakayewatafuta.

Kwahiyo kwenye ile kolamu ya tatu aandike hivi kwa maneno yake: panya buku amepimwa, hayuko hatarini kwa sasa, kwa sababu kasambaa sana na anastahimili mazingira ya watu, nondo wa matembele hajapimwa, hivyo hali yake haijulikani rasmi, na kutojulikana siyo usalama. Akiongeza sentensi moja kwamba hata kupimwa kwa LC hakuhusu kila msitu mmojammoja, mwalimu akimnyima maksi mwambie aniletee mimi karatasi. Na asisahau kuandika majina ya kisayansi kwa mlazo, au kama anaandika kwa mkono ayapigie mstari chini, herufi ya jenasi kubwa ya spishi ndogo, hapo watoto wengi wanadondosha maksi za bure.

Usiku mwambie aache kubishana, na siku mkinunua matembele yenye kiwavi cha pembe msikitupe. Mkiweke kwenye ndoo ndogo au kopo pana, chini mjaze udongo laini kama nchi nne, juu mfunike kwa kipande cha neti, kila siku mumpe majani mapya ambayo hayana dawa. Kuna siku ataacha kula, atabadilika rangi kidogo na ataanza kuzungukazunguka kama kapoteza kitu, hapo anatafuta pa kuchimba. Akishazama muacheni, msimfukue kumuangalia. Udongo uwe na unyevunyevu tu, msimwagie maji, na mumuwekee kijiti kilichosimama wima, maana akitoka lazima apande juu aning'inie ili mabawa yake yakunjuke.